Mwenyeji Amepona

Mgeni alifika mchana, jua likiwaka, akiwa ameshika mwavuli uliovunjika vyuma viwili. Kwa sababu ya mwavuli huo hakuna aliyemtilia shaka.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Mwenye nyumba alitengeneza miavuli, na mvua zikikatika alitengeneza zipu za mabegi. Mtaa mzima ulimwita Koplo, ingawa jeshi lilikwisha kumrudisha nyumbani miaka mingi iliyopita, bila mguu wa kulia kuanzia chini ya goti. Mahali pa mguu huo palikuwa na mguu wa bandia, mali ya serikali, uliolia kwi kila alipoukanyagia. Kigutu kilikuwa kimepungua kwa umri na mguu wa bandia haukupungua, basi Koplo alijaza nafasi kwa soksi, moja juu ya nyingine, na jioni zilipovuliwa ya mwisho ilikuwa na damu. Jambo hilo alilijua mkewe tu, kwa kuwa ndiye aliyezifua.

"Hodi humu!"

"Karibu, karibu ndani," alisema Koplo, akainuka.

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Chumba kilikuwa na kiti kimoja tu cha kumkalisha mtu, na mgeni hasimami huku mwenyeji ameketi. Koplo alikifuta kiti kwa kiganja, akamkalisha kijana huyo mwenye kalamu mbili mfukoni, akaupokea mwavuli na kuanza kuushughulikia amesimama dirishani, penye mwanga.

"Habari za hapa, baba?"

"Nzuri tu."

"Na afya?"

"Salama, tunamshukuru Mungu."

"Na mguu? Hausumbui?"

"Aa, mguu! Hausumbui kitu. Hata nikitaka kucheza dansi nacheza."

Watu wote huulizwa hivyo na kujibu hivyo. Mtu husema nzuri, husema salama, na baada ya hapo ndipo huanza kueleza kwamba nyumba iliungua jana na mtoto kalazwa. Koplo alikuwa njiani kufika kwenye sehemu hiyo ya pili. Lakini alimwona mgeni anatokwa jasho, akamwomba radhi, akaenda dukani kumnunulia soda. Alishuka ngazi za kibaraza, akazipanda tena na chupa mkononi, akijikaza asichechemee, maana hakuna mtu anayempelekea mgeni kinywaji huku anachechemea. Mgeni alimtazama kupitia dirishani, akaandika kitu. Koplo alidhani kijana anapiga hesabu zake za nyumbani.

Soda mgeni aliinywa yote. Mwavuli ulipokuwa tayari akaingiza mkono mfukoni.

"Hapana, hapana," alisema Koplo. "Leo wewe ni mgeni. Ukivunjika tena ndiyo utalipa."

Kijana alifika mlangoni, akasita. "Baba, mimi natoka Idara ya Askari Wastaafu. Ni mkaguzi. Tunapita kuwaangalia wenye ulemavu."

"Kumbe! Ungesema mapema tukakuchinjia kuku."

"Haturuhusiwi kusema mapema," mkaguzi alisema, kwa huzuni kidogo. Akaufungua mwavuli juani, akaenda zake.

*

Barua ilikuja wakati wa mvua za kwanza, na Koplo alikuwa na kazi nyingi. Ilisomwa na mkewe, aliyekuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni na aliyerudi kila siku na vidole vilivyokunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni.

"'Mhusika anasimama kwa muda mrefu bila msaada. Anapanda na kushuka ngazi akiwa amebeba kitu. Anafanya kazi ya mikono. Alipoulizwa, mhusika mwenyewe alikiri kwamba mguu haumsumbui na kwamba anaweza kucheza dansi.'" Alishusha barua. "Ulikiri?"

"Aliniuliza hali."

"Ukamjibu?"

"Nikasema nzuri. Ulitaka nimwambie mgeni kuwa ni mbaya, hata hajakaa vizuri?"

"Na dansi?"

"Ilikuwa mazungumzo."

Ulemavu wake, uliokuwa asilimia sitini tangu arudi, sasa ulikuwa thelathini. Aliye chini ya hamsini hapewi posho ya mwezi wala mguu mpya. Mguu mpya ndio waliokuwa wakiungoja. Fundi wa hospitali alikwisha kuchukua vipimo vya kigutu, akasema safari hii hautahitaji hata soksi moja. Barua ilimalizia kwa kumtakia mhusika afya njema.

"Basi mguu umeota nusu," alisema mkewe. "Chungulia vizuri, pengine hatujauona."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji amepona. Amepona mpaka serikali imeona." Aliikunja barua kwa mistari ileile iliyokunjwa. Kisha akauliza, "Na soda alikunywa?"

"Alikunywa."

"Yote?"

"Yote."

Kwa namna fulani hilo ndilo lililomuuma mkewe zaidi.

Nafasi ya kukata rufaa ilikuwepo. Bodi ya madaktari ingekaa mjini kwenye jengo la Idara, na kila mwenye malalamiko aende akaonwe kwa macho.

*

Rafiki wa Koplo hakupiga hodi, kwa sababu hakuwa anaingia. Alisimama nje ya dirisha, kama kawaida yake, mvua ikimnyeshea begani.

Jeshini walimwita Redio kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno. Maneno yaliisha katika ghala moja lililoungua, usiku, askari wakiwa ndani, na jina likabaki. Walitoka humo gizani kama walivyofundishwa, kila mtu mkono wake begani kwa aliye mbele, na kila hatua chache wa mbele anauliza kama wa nyuma bado yupo. Wa nyuma wa Redio alikuwa Koplo. Mwili wa Redio ulitoka bila hata mchubuko, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake.

"Na mimi wameniita bodi," alisema.

"Siku gani?"

Ilikuwa siku ileile.

"Mara ya kwanza walisema hawaoni kitu," Redio alisema. "Walinigeuza mbele na nyuma. Hawaoni kitu."

"Na wewe?"

"Mimi naona."

Koplo alipenyeza mwavuli mmoja dirishani, wa mteja ambaye hakuwahi kurudi kuuchukua. Redio akaupokea, akaushika bila kuufungua.

"Bodi iko juu, afande. Ngazi za pale ni za ndani. Hazina dirisha hata moja. Ile mara ya kwanza nilikaa chini mpaka jioni, wakaandika sikufika. Ndiyo baadaye daktari mmoja akanionea huruma, akanipimia uani." Alifikiri. "Safari hii wamesema hakuna kupimia watu uani."

"Nitakuwa nyuma yako."

"Mpaka juu?"

"Mpaka mlangoni. Fungua mwavuli, mtu wewe, unalowa."

*

Kaka wa mke wa Koplo alikuwa akiuza matairi yaliyokwisha tumika, na watu walimwita Mipango. Alifika Jumapili akisukuma kiti cha magurudumu, amekiazima kwa mwenye duka ambaye mama yake alikuwa amefariki. Gurudumu la kushoto lilivuta upande.

"Shemeji, kaa."

"Mimi natembea."

"Ndiyo ugonjwa wako huo. Kaa."

Koplo akakaa. Mipango akachukua kile kiti kimoja cha wageni, akaketi mbele yake na kukunja nne.

"Mimi ni bodi. Hujambo, mzee?"

"Sijambo."

"Umekosa."

"Sasa nijibu nini?"

"Guna."

"Nigune?"

"Guna kwanza, halafu useme tupo tupo tu. Hebu tena. Hujambo, mzee?"

Koplo akaguna.

"Hiyo ni ya mtu aliyeshiba," alisema mkewe kutoka jikoni.

Walirudia mpaka ikapatikana ya kuridhisha. Mipango akaeleza mengine. Asinyoe. Avae koti lile lililoliwa na mende. Mtu akimkaribisha asiseme asante haraka, aseme kama anayetafuta pumzi.

"Sijawahi kwenda mbele ya afisa na ndevu," Koplo alisema.

"Ndiyo maana una asilimia thelathini."

"Shemeji, huu ni uongo."

Mipango alikuwa mtu wa kupenda ujanja, lakini safari hii alijibu kwa upole. "Uongo uko wapi? Jioni ukimaliza kazi huwezi kusimama, dada yangu ndiye anayekuvua hizo soksi. Wao wanakaa asubuhi. Sisi tunawapelekea jioni yako asubuhi, basi."

Jikoni mkewe alianza kusugua vyombo. Sufuria zilisema.

Mipango alikuwa ameuliza-uliza. Wasioweza kupanda ngazi hubaki chini, na daktari mmoja hushuka kuwaona hapohapo, na daktari aliyeshushwa ngazi huwa na haraka na huruma kwa pamoja. Alikwisha kujaza rufaa hivyo: mwombaji hawezi kupanda ngazi.

"Lakini nimemwahidi Redio kumpandisha," alisema Koplo.

Sufuria zikanyamaza. Mkewe akatokeza mlangoni akijifuta mikono.

"Ahadi ni deni," alisema, "na madeni tunayo ya kutosha. Mwezi huu tunalipa la mguu."

"Utaonwa chini kwanza," Mipango akawahi kusema. "Ukishaonwa, tunakisukuma kiti nje, unampandisha rafiki yako mpaka paani ukitaka. Nani atakuona?"

Ilikubaliwa hivyo, na kila mmoja akalala na wasiwasi wake.

*

Jengo la Idara lilikuwa la ghorofa tatu, na bodi ya kupima walemavu ilikaa ghorofa ya tatu kwa sababu huko kuna upepo. Chini palikuwa na ukumbi wenye mabenchi, foleni ya wanaume wa umri wa Koplo, na meza. Kwenye meza aliketi yule mkaguzi wa siku ile, na mwavuli wake umeegemezwa ukutani. Bado ulikuwa mzima. Koplo aliukagua kwa jicho kutoka mbali akaridhika.

Mkaguzi alimtambua. Alitazama kiti cha magurudumu, ndevu, koti. Akainamisha uso kwa aibu, ingawa haikujulikana ilikuwa aibu ya nani.

"Hujambo, baba?"

Koplo akaguna. Nyuma yake mkewe alikaza mikono kwenye vishikio.

"Uko upande wa wasioweza ngazi," alisema mkaguzi, akiweka alama. "Daktari atashuka akimaliza chai. Subirini hapo karibu."

Mkewe na Mipango waliegesha kiti chini kabisa ya ngazi. Daktari alikuwa na chai ndefu. Redio alikuwa nje juani, amesimama pale ambapo angeweza kuwaona kupitia mlango ulioachwa wazi. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la pasi, na mikononi ana ule mwavuli, umefungwa. Alionekana mzima kuliko watu wote walioitwa siku hiyo, pamoja na madaktari.

Ndipo karani akatokeza juu ya ngazi, akaita namba ya jeshi. Koplo aliijua kabla haijamalizika. Ilikuwa ya Redio.

"Si zamu yake," Mipango alinong'ona. "Bado, bado. Daktari hajashuka."

Redio aliingia. Alivuka ukumbi kwa hatua nzuri za paredi, akafika kwenye ngazi ya kwanza, akaweka mguu, akasimama. Ngazi zilipanda na kukunja kona gizani.

"Panda tu, mlango wa mwisho," alisema karani.

Redio hakupanda. Shati lake la pasi likaanza kulowa mgongoni.

"Ana nini huyo?"

"Hawezi ngazi za ndani peke yake," mke wa Koplo alisema. "Mpimieni hapa chini, na daktari si anashuka?"

"Chini ni kwa wasioweza. Miguu anayo?"

"Anayo."

"Basi apande. Bodi haina siku nzima. Asipofika nitaandika hakufika, na safari hii faili linafungwa."

"Mimi nitakwenda nyuma yake," Mipango alisema. Hakuwa na roho mbaya. Alisogea, akamwekea Redio mkono begani.

Redio alianguka chini kama gunia, akajikunja, mikono kichwani. Katika foleni wanaume wawili nao wakainama, kisha wakajifanya wanafunga viatu. Mipango alibaki ameuinua mkono wake, akiutazama kama si wake.

"Redio," Koplo aliita.

"Afande," sauti ilitoka chini ya mikono.

"Inuka. Niko."

"Uko wapi?"

Mtu hawezi kuwa nyuma ya mwenzake akiwa ameketi. Koplo aligeuka akamtazama mkewe. Alikuwa mwanamke aliyefua damu yake kila siku bila kumwambia mtu, na alikuwa na haki ya kusema hapana. Koplo aliingoja hapana hiyo. Mkewe alitazama ngazi, akamtazama Redio sakafuni, akautazama mguu wa plastiki uliopasuka kisiginoni. Kisha akainama na kukaza breki za kiti, zile mbili, kama mtu anavyofanya ili kiti kisirudi nyuma mwenzake anapoinuka.

Koplo akainuka. Mguu ukalia, kwi, na ukumbi mzima ukageuka kutazama.

"Muujiza," alisema mzee mmoja asiye na mkono. "Hicho kiti mkimaliza naomba na mimi nikikalie."

Mkaguzi alikuwa amekwisha kufika, amemshika Koplo kiwiko, anaongea chini chini. "Baba, kaa. Nilikuwa naangalia mwavuli wangu, sikuona kitu. Kaa tu."

"Asante, mwanangu."

"Rufaa yako inasema huwezi ngazi. Ukipanda mbele ya watu hawa wote itabidi niandike. Sitakuwa na jinsi."

"Andika."

"Mguu mpya utaondoka, baba. Na posho. Hutapata nafasi nyingine."

"Najua. Nipishe kidogo."

Koplo alijinyoosha koti lile la mende, akajutia ndevu. Alimwinua Redio kwa mkono mmoja, akamgeuza uso kuelekea ngazini, akaenda nyuma yake, akaweka kiganja juu ya bega la kulia, mahali pale pale pa usiku wa ghala. Bega lilitetemeka kisha likatulia.

"Mbele," alisema.

Wakapanda. Redio aliinua mguu, Koplo akainua wake, na ule wa plastiki ukafuata ukilalamika. Karani aliwapisha ukutani akiwa na namba yake mkononi. Kwenye kona giza liliwameza, wakabaki sauti tu.

"Uko?"

"Niko."

Kwi.

Chini, mkaguzi alirudi mezani, akafungua faili la Koplo, akashika kalamu. Mke wa Koplo alikuja akasimama mbele yake.

"Umeandika?"

"Bado, mama."

"Andika. Usije ukafukuzwa kazi bure. Lakini na hilo nalo liandike."

"Lipi?"

Mama alinyanyua kidole, akimwashiria asikilize. Kutoka juu, mbali sasa, ilisikika, "Uko?" na baada ya pumzi ya mtu anayeumia, "Niko."

"Hilo."

Mkaguzi alitazama fomu. Aliipekua nyuma, akatafuta pembeni, akarudi mbele.

"Halina nafasi," alisema.

"Nilidhani hivyo," alisema mama.

Juu kabisa mlango ulifunguliwa, na mtu akauliza kwa sauti ya kuchoka ni nani kati yao aliyeitwa. Mipango alitoka nje kwenda kutazama magari yanayopita. Daktari aliyemaliza chai akashuka ngazi, akiuliza yuko wapi yule mgonjwa asiyeweza ngazi. Mke wa Koplo alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa tupu, akatoa mkobani soksi safi zilizokunjwa mbilimbili, akaziweka mapajani, akamngojea mumewe ashuke.